Mikayi Asiyejikuna

Seline alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, juu ya wavu, akitoa takataka, aliposikia mke mwenzake akijikuna upande wa pili wa ua. Celestine alijikuna kwa gunzi la mahindi, bila haraka, na watoto wake walijikuna kando yake. Mume wao Ogola, aliyekuwa amerudi kutoka kununua samaki ufukweni Luanda Kotieno, alisugua mgongo kwenye nguzo ya nyumba ya Celestine. Mikono ya Seline tu ndiyo iliyotulia. Jamani, mtu kuuonea wivu upele! Lakini aliuonea.

Dorca, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja akawatazama katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Alikuta vipele na vijistari vyembamba vilivyopinda. Akasema huu ni upele. Kidudu kidogo mno huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na usiku mtu akishapata joto la blanketi ndipo anapowashwa zaidi. Si uchafu na si uchawi. Hauji kwa salamu ya njiani, bali ngozi ikikaa sana na ngozi, kama watu wanaolala pamoja. Akauliza nani alianza. Ogola akasema ni yeye, aliutoa kwenye kambi ya wavuvi, kabla ya mvua.

Wake za ndugu zake Ogola, waliokuwa wamekuja kusikiliza, wakahesabu miezi kwa vidole. Kisha wote wakatazama mikono ya Seline.

Katika boma lile hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mikayi, yaani mke wa kwanza, na mikayi hapandi kabla mumewe hajalala kwake. Mvua ilipoanza Ogola aliingia kwa Seline jioni, akaketi kwenye kiti cha mbao, akasikiliza redio mpaka betri zikaisha, na kulipokucha akatoka akijinyoosha mbele za watu. Seline alichukua jembe akafungua upanzi kana kwamba walilala pamoja. Umikayi ndio pekee aliokuwa amebakishiwa, na hakuwa tayari kuutoa. Sasa mahindi yalikuwa yamefika magotini, na kila mwanamke pale uani alielewa kwamba yalipandwa kwa uongo.

"Mikayi, lete mkono nione," Dorca alisema.

Seline aliutoa. Asubuhi ile alikuwa amejikwaruza kwa gunzi mpaka akatoka damu. Dorca aliugeuza mkono, akasema hii ni mikwaruzo tu. Kisha akawapa wote dawa nyeupe ya kupaka, kuanzia shingoni hadi nyayo, wote siku moja, na nguo na blanketi zichemshwe.

"Asiyewashwa pia apake," alisema. "Unaweza kukaa nao wiki kadhaa kabla haujaanza kuwasha."

Maneno hayo Seline aliyadaka. Labda anao. Labda Ogola alimgusa bega akipita, akasahau. Aliificha chupa yake nyuma ya vyungu, akaanza kungoja kuwashwa.

Wengine walipaka wakapona. Ngozi ya Seline ilizidi kuwa safi. Kwanza mikwaruzo ilifutika, halafu kovu la panga la utotoni, halafu vinyweleo. Wakati wa palizi mkono wake uling'aa, na mahindi yalipotoa nywele mtu aliweza kuona uso wake humo. Celestine aliona humo kilemba chake kimelegea, akakifunga upya papo hapo, akashukuru. Wasichana wa jirani walikuja kusukana. Dorca aliutazama akasema hili hakufundishwa, akauliza kama unauma. Seline akajibu unauma watu wakishajitazama na kwenda zao.

Jumapili moja asubuhi Ogola alikuja na wembe na karai la maji. Seline alimwona akivuka ua, akafuta kiti haraka kwa kanga yake. Ogola alimwomba anyooshe mkono kuelekea mlangoni.

"Inua kidogo," alisema.

Alinyoa shavu moja, akanyoa na la pili. Pumzi yake ilipoutia mkono ukungu, aliupangusa kwa ncha ya taulo. Alisema asante, mikayi, akabeba karai. Seline hakuushusha mkono. Ndani yake alimwona akivuka ua, akiinama kuingia kwa Celestine, na mkono wa Celestine ukimfuta povu lililobaki sikioni. Alitamani kuwa na wadudu mwilini kuliko alivyowahi kutamani mtoto.

Mvua za pili zilipokaribia, wake za ndugu walikuja kuuliza habari za upanzi. Walisimama mbali kidogo, wasijione mkononi mwake. Seline aliwaambia mzee atalala kwake Ijumaa, watayarishe mbegu. Waliitikia vizuri, kwa heshima zote.

Ijumaa hiyo Ogola alikuja jioni, amenyoa vizuri, na betri mpya za redio mfukoni. Seline alikuwa ameshamwekea kiti.

Asubuhi alichukua jembe.