Picha Iliyokwama Kwenye Printa

"Mkwe, hiyo kompyuta yako imegoma," alisema baba mkwe, kabla hata ya salamu.

Kompyuta ilikuwa ya mzee mwenyewe. Ila mkwe, fundi kwa kazi, ndiye aliyeiwekea mfumo mpya wa Linux mwaka jana, na tangu hapo kila kasoro ikawa yake. Ukipenda boga, penda na ua lake. Alimpenda binti, akapewa na printa ya babaye.

Mama mkwe alikuwa azikwe mchana huo. Picha ya kuweka juu ya jeneza ilikuwa haijatoka.

"Tukaichape dukani, baba?"

"Mke wangu hachapwi dukani. Tengeneza."

Fundi akaketi. Wino ulikuwepo, karatasi zilikuwepo, taa ya printa inawaka. Kwenye kompyuta, aliiita printa kwa namba yake ya mtandao. Kimya, kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

"Nani huwa anaiwasha asubuhi?"

"Ni marehemu, nani tena! Anawasha waifai, kisha printa, ndipo anaturuhusu tuwashe simu zetu. Tulikuwa tunamcheka."

Fundi hakucheka. Waifai ile iligawa namba kwa kufuata nani kawahi, na kwa mama mkwe printa iliwahi kila siku, ikapata namba ileile. Sasa nyumba imejaa waombolezaji, simu zao zimetangulia, printa imepewa namba nyingine, na kompyuta bado inabisha mlango wa zamani. Namba ya kudumu ilipaswa kuwekwa mwaka jana. Hakuiweka. Mama mkwe alimsitiri mwaka mzima bila kujua, naye hakuwahi kumwambia hata asante. Hilo lilimuuma.

Akaipa printa namba ya kudumu, akaielekeza kompyuta huko. Printa ikakoroma, ikatema picha: mama mkwe na kilemba chake, anacheka. Mzee aliipokea kwa mikono miwili.

Ikatoka ya pili. Ya tatu. Kumbe tangu juzi mzee alikuwa akibonyeza na kubonyeza kitufe cha kuchapa, na kila alipobonyeza, picha ilijipanga kwenye foleni kusubiri.

"Samahani, baba. Ngoja nizifute zilizobaki."

Mzee akamshika mkono.

"Mwache aje."

Wakasimama pale, picha zikitoka moja moja, mpaka karatasi zikaisha. Mzee akaenda kutafuta nyingine.