Sauti ya Chepkemoi Zizini

Saa ya kukama ilipofika, Johana aliosha chuchu za ng'ombe kwa maji ya uvuguvugu, akaketi kwenye kigoda. Malkia akagoma. Ng'ombe huyo hakuwahi kuteremsha maziwa bila kuongeleshwa na Chepkemoi, mke wa Johana, na Chepkemoi alikuwa hospitali kubwa mjini, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, malaria imempanda kichwani na mpira wa mashine ya kupumulia umepitishwa kooni mwake.

"Malkia, simama vizuri, mama," ilisema sauti ya Chepkemoi kutoka upande wa hori.

Maziwa yakashuka. Johana alikama bila kugeuka. Mpira ulikuwa umechukua nafasi yote kooni, na sauti lazima ikae mahali; ilikuwa imekuja nyumbani.

"Baba Kiplimo," sauti ilimwambia Johana, "waambie wafungue mkono ya kulia. Walinifunga kwa kitanda nisivute mpira. Bandeji imekaza sana. Vidole sisikii."

Kesho yake, saa ya kuona wagonjwa, Johana alisimama kando ya mke wake. Macho yalikuwa yamefumbwa, kifua kikipanda na kushuka jinsi mashine ilivyotaka. Vidole vilikuwa vimevimba, baridi kama vya mtu aliyechuma chai kwenye umande bila kupumzika.

"Sista, anasema bandeji imekaza."

"Alisemea wapi?" aliuliza Sista Kemuma, muuguzi wa zamu.

"Nyumbani. Kwa ng'ombe."

"Hiyo ni ya nyumbani, mzee. Hapa hajalalamika."

Daktari alisema hayo hayo kwa Kiswahili kizuri zaidi: malalamiko ya mgonjwa hupokelewa kitandani kwake, kutoka kinywani mwake. Halafu, akiwa ameinama juu ya Chepkemoi, akamwambia Sista kwamba huyu pengine hataamka.

"Daktari alisema sitaamka, nikisikia," sauti ilimwambia Johana jioni. "Na mkono je?"

Johana alimaliza kukama. Alirudi hospitalini na ujumbe ule ule kila siku. Mara moja alijaribu kuifungua bandeji mwenyewe, akatolewa nje kwa heshima zote.

Ikafika jioni Malkia akagoma tena, na zizi likawa kimya. Johana akajua mpira umetolewa. Aliacha ndoo hapo hapo, akaenda hospitalini.

"Nilisema," Chepkemoi alikuwa akimwambia daktari, sauti ikikwaruza. "Nilisema kila siku."

Daktari alimsikiliza kwa makini, akaagiza bandeji ifunguliwe mara moja. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekufa. Chepkemoi alikuwa mchuma chai, na hivyo ndivyo vidole vinavyokata majani mawili na chipukizi lake, na bila hivyo mtu huenda shambani kuangalia wenzake wakichuma. Vikakatwa. Chepkemoi alilia, na kila mtu chumbani akamsikia.

Siku ya kuruhusiwa, kitanda cha jirani kilikuwa na Lazarus, mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mpira kooni, mikono imefungwa. Mkewe, Christabel, aliyekaa kempu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, alikuwa akizungumza na Sista Kemuma.

"Jana alinisemesha nikiwa kempu, Sista. Nikisonga ugali. Anasema bandeji inamuumiza."

"Hiyo ni ya huko kempu, mama."

Chepkemoi akaweka mzigo wake chini. Kwa mkono wa kushoto, polepole, akailegeza bandeji ya Lazarus. Johana akamkinga kwa koti. Kisha Sista Kemuma akageuka, akaja, akaikaza tena bila ubaya wowote, kama alivyofundishwa, akawafungulia mlango.

Jioni hiyo Malkia alitoa maziwa mengi. Kule kempu, Christabel akiwa anasonga ugali, sauti ya Lazarus ilimwomba amtafute yule mama, amshukuru. Mkono ulikuwa umepata nafuu kidogo, ilisema. Haukuwa ukiuma tena; vidole haikuwa ikivisikia kabisa.