Dubu wa Kisiwa cha Mabata

Tukummeq aliwakuta mbwa wake watatu wamechanwachanwa, minyororo ingali mwambani. Wa nne, Kajoq, aliyeongoza mbwa wa kuvuta sleji yake barafuni miaka sita, hakuwepo. Palibaki mburuzo wa damu hadi majini.

"Dubu," alisema shemeji yake, Masaitsiaq, akipima unyayo kwa kiganja. "Anajikokota. Ni njaa, shemeji. Barafu imevunjika mapema, sili atawakamatia wapi? Mwache ajifie."

"Ajifie? Kwa ruhusa ya nani?"

Wakatoka na boti. Siku mbili Tukummeq alitafuna nyama kavu ya nyangumi. Alimkumbuka Kajoq alivyogoma kukanyaga barafu nyembamba mwaka juzi, akamwokoa asizame. Kila akikumbuka, meno yaliuma nyama kwa nguvu zaidi.

"Huyo dubu utamla mbichi wewe," Masaitsiaq alimtania.

"Na manyoya yake."

Walimkuta kwenye kisiwa wanakotagia mabata, mdomo umejaa kiini cha mayai, ndege wakimpigia kelele. Aliinua kichwa, akawatazama, akarudia kulamba. Dharau hiyo ilimchoma Tukummeq. Alitaka dubu ajue anauawa kwa ajili ya nani.

"Kajoq!" alipaza sauti. "Unamkumbuka Kajoq?"

Dubu akageuka. Tukummeq akafyatua bunduki, risasi ikampata kifuani.

Walipomchuna, kisu hakikukuta mafuta, ngozi na mifupa tu. Tumboni mlikuwa na mwani, maganda ya mayai na kipande cha mkanda wa shingoni wa Kajoq.

"Roho imetulia?" Masaitsiaq aliuliza.

Tukummeq alinawa mikono baharini. Hata kipande kimoja cha barafu hakikuonekana.

"Huyu alishikwa na njaa. Aliyemnyima chakula ni nani?"

"Watu wa mbali huko, na moshi wao unaoyeyusha barafu. Hatuwajui."

"Wengine wao wanakuja Jumanne na meli."

Jumanne meli ya watalii ilitia nanga kijijini kwao. Walishuka na kamera zao, wakiuliza dubu yuko wapi. Tukummeq alikuwa amemtandaza ufukweni: ngozi, mbavu tupu, na tumbo lililopasuliwa likinuka.

"Waambie," alimwagiza Masaitsiaq, "dubu wao huyu hapa. Wapige picha."

Masaitsiaq alisita, kisha akatafsiri. Kamera zikashuka moja moja. Bibi mmoja mwenye koti jekundu akaziba pua, akaanza kulia.

Tukummeq alimsogelea, akamtazama kwa raha ambayo hakujali kuificha.

"Lia," alimwambia kwa lugha yake mwenyewe, bila kungoja itafsiriwe. "Lia sana."