Jiwe Lililooshwa

Siku mbingu ilipotupa jiwe Ivuna, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa ameelekeza uso upande ule, naye alikuwa Yonasi. Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Mbingu ingemchagua shemasi, au ingemchagua Luka, mchuuzi wa chumvi ambaye hata kwenye kipimo hapunji, watu wangeamini kabla jua halijachwa. Lakini ilimchagua Yonasi. Yona wa kwenye Biblia alimezwa na samaki. Yonasi wa Ivuna alidai miaka nenda miaka rudi kwamba, katika Ziwa Rukwa, yeye ndiye aliyemmeza samaki.

Alikuwa mstaafu wa nyaya za simu. Aliianza kazi hiyo enzi za Mjerumani akaimalizia kwa Mwingereza, akipanda nguzo za njia ya Tunduma kwa jua na kwa mvua, hata wakamuaga kwa blanketi moja na birika la bati. Darasani hakuwahi kukaa. Herufi alijifundisha mwenyewe kwenye maandishi ya masanduku ya misumari, kisha akazihamishia kwenye Agano Jipya, na mpaka uzee wake alisoma Injili kwa sauti ya mtu anayekagua mizigo. Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakuijua ya Yonasi: yake ilitoka Ivuna, ikavuka mpaka kwenda Rhodesia, ikanywa chai huko, ikarudi.

Watu wote walimpenda na hakuna aliyemwamini, wa kwanza akiwa mkewe Nesta. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Yonasi alimwambia kwamba maneno hupita ndani ya waya kama maji, na kwamba penye nguzo iliyoinama hudondoka. Nesta, binti wa miaka kumi na minane aliyekuwa bado anampenda kwa masikio, alijitwika kibuyu akaenda kuyakinga. Alikaa chini ya nguzo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wanawake wa Tunduma walicheka hata wakaketi njiani. Tangu siku hiyo Nesta alimpikia mumewe, alimfulia, alimzalia, alimwuguza homa mara tatu. Kumwamini hakumwamini tena.

Basi jiwe lilianguka Jumanne, alasiri, Nesta akiwa Iyula, milimani, mwendo wa siku nne, alikokwenda kumwangalia binti yao Yunisi aliyekuwa amejifungua.

Pale chumvini wanawake walikuwa wameinamia vyungu. Udongo wa magadi ulikuwa kwenye machujio ya nyasi, maji yakimwagwa juu, yakishuka tone kwa tone, mazito na machungu, kwenda kuchemshwa mpaka yabaki meupe. Yonasi alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, akimpigia soga Tabita, mwanamke wa jirani aliyekuwa akichochea moto. Tabita aliipa mgongo mbuga. Yonasi aliitazama.

Nuru ikaja bila kubisha hodi. Haikuwaka kama moto uwakavyo, ukianza mdogo ukakua. Ilikuwepo tu, nyeupe, ikishuka upande wa ziwa, na jua la Rukwa, lile linalopasua midomo ya ng'ombe, likafifia kama kibatari kilicholetwa nje mchana. Yonasi aliinuka, akatazama chini akaona vivuli viwili vikitoka miguuni pake. Kimoja alikizoea. Cha pili kilikuwa kinatembea, naye amesimama. Kisha nuru ikazimika, kimya kikatanda hata akasikia tone la chujio likigonga chungu. Halafu zikapiga ngurumo tatu, na ardhi ikaitikia.

Alikwenda peke yake kulifuata, kwa sababu wanawake walikuwa wamekimbia. Alilikuta kabla ya magharibi, kwenye shimo lisilozidi kina cha kiwiko. Lilikuwa dogo, kadiri ya ngumi mbili, jeusi, baya, kama ukoko wa ugali ulioungua. Akalifunga ndani ya kofia yake akarudi nalo nyumbani, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Usiku ule hakulala, na si kwa hofu. Furaha waweza kuicheka peke yako, hata huzuni waweza kuilia peke yako. Lakini ajabu uliyoiona peke yako ni mzigo usio na wa kukutua. Yonasi alijigeuza kitandani akiwaza mtu mmoja tu, wa milimani, ambaye angemtua. Safari hii alikuwa na jiwe. Nesta angeona kwa macho yake.

Kulipopambazuka akalitazama. Kitu kibaya namna ile! Nesta angesema ameliokota jikoni kwa Tabita. Litang'aa, akajiambia, kilichotoka mbinguni lazima kingali na mng'ao ndani, ni masizi tu yamekiziba. Akalitia kwenye beseni la maji liloweke, akatoka kwenda kutafuta kitambaa cha kulisugulia, na njiani, kama ilivyo desturi yake, akakutana na watu wa kuwaeleza.

Aliporudi na Tabita, ili aone jiwe lenyewe, beseni lilikuwa na tope.

Tabita alichutama. Akatia kidole, akakitoa cheusi. "Baba Yunisi, liko wapi?"

Yonasi aliingiza mikono yote miwili mpaka viwiko. Alipapasa kama mtu aliyepotelewa na pete kisimani. Palikuwa na maji, na chini ya maji palikuwa na uji mweusi, laini, usio na hata punje ya kushika.

"Lilikuwa humu," alisema. "Tabita, mwanangu, wallahi lilikuwa humu."

"Na tangu lini mkristo akaapa wallahi?" Tabita aliuliza, lakini hakucheka, maana aliuona uso wa mzee.

Ndipo akaandika barua. Karatasi alikuwa nazo mbili, alizozipata kwa mwalimu wa misheni. Ya kwanza aliianza hivi: *Kwa mke wangu mpenzi Nesta, ua la nyanda za juu, asali isiyo na nyuki, salamu nyingi kama mchanga wa Rukwa na samaki waliomo na wale nilio—*, na salamu zikaendelea, zikamsalimu Yunisi, na mtoto, na mkwe wao Boazi aliyekuwa mwalimu, na wazee wa kanisa mmoja mmoja, mpaka uso wa kwanza wa karatasi ukajaa. Upande wa pili likaja jiwe. Lilikuwa na mikia saba. Liliimba. Milima ilitikisika kama meno ya kikongwe, na viboko wakatoka ziwani wakapiga magoti. Yonasi aliisoma akalengwa na machozi kwa uzuri wake. Luka alikuwa anapanda milima ya Mbozi, kupitia Iyula, na chumvi ya kubadilishana na mahindi; akampa.

Baada ya siku kumi Luka akarudi na jibu, kwa mkono wa Boazi. *Baba, salamu. Mtoto mzima. Barua yako nimemsomea mama, amecheka mpaka mtoto akaamka. Anasema uwasalimie viboko. Anasema pia usikae juani bila kofia.*

Yonasi aliikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama kidonge cha dawa. Siku tatu hakwenda chumvini. Ya nne Tabita akamfuata.

"Kijiwe kimepoa, baba. Wanawake wanauliza umekufa au umeokoka."

Akamweleza. Akamsomea barua yake mwenyewe tangu mwanzo, bila karatasi, maana aliihifadhi yote. Tabita alisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni.

"Viboko walipiga magoti?"

"Ni kama walipiga."

"Baba Yunisi, kiboko ana magoti?"

"Yako ndani."

Tabita akacheka, kisha akaketi kizingitini. "Hizo salamu peke yake zingechosha punda. Mimi ningesinzia kabla jiwe halijaanguka. Na hilo lenye mikia saba silijui. Mimi nilikuwepo. Nilisikia ngurumo tatu, nikageuka, nikaona moshi umepinda angani, basi. Halafu nikakuona wewe. Unakumbuka ulikuwa unafanya nini?"

"Nilisimama imara nikaelekeza kidole mbinguni."

"Ulikuwa umekaa kwenye tope."

Yonasi akajipangusa suruali, kana kwamba tope lingalimo.

"Umekaa kwenye tope, kofia huko. Midomo inacheza na neno halitoki. Mara likatoka moja, ukaita 'Nesta!' kama mtoto aliyeachwa gulioni. Tangu nikujue sijakuona umeishiwa maneno. Nilipokimbia sikuukimbia moshi, baba. Niliukimbia uso wako. Nilisema, kama huyu amenyamaza, basi ni kweli." Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Haya yameandikwa wapi kwenye barua yako?"

"Nani anaandika kwamba alikaa kwenye tope?"

"Aliyekaa."

Tabita alirudi kwenye vyungu vyake. Yonasi alibaki na karatasi ya pili, na hapakuwa na ya tatu.

Alikaa nayo siku mbili. Maneno yalimjia kwa mazoea, yamejipaka mafuta, yamevaa shanga, yakipigana vikumbo mlangoni nani aingie kwanza. Kila moja alilisimamisha akaliuliza: wewe, ulikuwepo? Mikia saba haikuwepo. Wimbo haukuwepo. Asali isiyo na nyuki haikuwepo popote duniani. Kila alipolifukuza moja alihisi baridi, kama mtu avuliwaye nguo hadharani. Na kila alipobaki mtupu zaidi, ndivyo nuru ile ilivyomkaribia, mpaka jioni ya pili akaiona tena chumbani, nyeupe, bila kelele. Hakujua kwamba ilikuwa kubwa namna ile. Siku zote hizi alikuwa amejikinga nayo kwa viboko.

Akaandika:

*Nesta, salamu. Jumanne ile alasiri nilikuwa chumvini. Niliona kitu cheupe kinashuka upande wa ziwa. Jua likafifia. Nikawa na vivuli viwili. Kikazimika, kikanguruma mara tatu. Nilikaa kwenye tope. Nilikuita, nikasahau kuwa uko Iyula. Jiwe nililipata. Lilikuwa jeusi na dogo. Nililiosha ili ulipende, likayeyuka. Sina cha kukuonyesha. Mumeo, Yonasi.*

Ilikuwa fupi hata aliona haya kumpa Luka. Luka aliitia kwenye mfuko wa chumvi, akapanda mlima.

Siku hizo za kungoja Yonasi alikwenda chumvini kama kawaida, akaketi juu ya mtungi wake. Wanawake walipomwomba hadithi aliwapa, maana ulevi wa miaka thelathini hauachwi kwa barua moja. Lakini walipomwomba ile ya jiwe alitikisa kichwa, akawaambia udongo wao unakauka kwenye chujio.

Siku ya kumi na moja Luka alitua mzigo wa mahindi uani, akatoa karatasi. Yonasi aliifungua.

*Baba. Nimemsomea mama barua yako. Hakucheka. Alisema nisome tena, polepole. Nilipomaliza alitoka nje akasimama anatazama juu, na juu palikuwa na mawingu tu. Yunisi alimwita kula, hakuitika. Aliporudi ndani aliniambia nikuulize neno moja. Anauliza: jiwe lile, ulipolishika mara ya kwanza, lilikuwa la moto au la baridi?*

Yonasi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Kwa miaka thelathini mwanamke yule hakuwa amemwuliza kitu juu ya jambo lolote alilomsimulia. Mtu haulizi joto la kitu ambacho hakipo.

Ulimi wake, ule wa zamani, uliruka kwanza: la moto! Liliunguza kiganja, likaacha alama! Lakini mkono wa kulia ulikuwa umekwisha kukumbuka kabla ya ulimi, na ulikumbuka jambo ambalo hakulieleza kwa mtu, kwa kuwa hata yeye lilimponyoka. Alikuwa ameinama shimoni, katika joto la alasiri lililochemsha maji mitungini. Alikuwa amekunja uso, amejiandaa kuungua.

Akaigeuza karatasi ya Boazi, akaandika mgongoni mwake: *La baridi, Nesta. Baridi hata nikalibadilisha mkono.*

Kalamu ikabaki hewani. Luka, aliyekuwa akinywa maji kivulini, akachungulia begani mwake.

"Mzee, ndiyo hayo tu? Na nafasi yote hii iliyobaki?"

Yonasi aliiweka kalamu chini. Akakifungua kiganja chake, akawa anakitazama.