Nyumba Tisa Zenye Tangi la Bluu

Mradi uliitwa Amsha Kipaji Kilicholala, na kwa wiki sita kitu pekee kilicholala mle ukumbini kilikuwa ni washiriki. Walikuwa tisa, wote wametolewa katika kituo kimoja cha kulelea watoto siku walipotimiza miaka kumi na minane, kila mmoja na godoro lake na mkono wa kwaheri. Wakubwa fulani, baada ya kutafakari sana wakiwa wamekalia viti vyenye matakia, waligundua kwamba kijana asiye na kazi, chakula wala pa kulala anachohitaji hasa ni rangi za maji.

Mkufunzi alikuwa mwanamke mwenye shanga za mbao zenye ukubwa wa ndimu. Hakuweza kufungua kinywa bila kusema "wapendwa", basi wakampa jina la Mama Wapendwa. Alipokuwa akisikiliza alifumba macho, ili asije akamwona anayesema.

Sindano, msichana mwembamba aliyepata jina hilo kwa ulimi wake wa kuchoma, hakukosa hata siku moja. Sanaa haikuhusika. Mdogo wake wa kiume alikuwa bado kituoni, na Jumamosi angetimiza kumi na minane. Ofisi ya makazi ya vijana ilikuwa imebakiwa na chumba kimoja cha vitanda viwili, na ili kukipata ilitakiwa barua ya mkufunzi kuthibitisha kwamba mwombaji amemaliza mradi "kwa moyo wote". Sindano mwenyewe alikuwa akilala chini ya meza ya saluni, kwa hisani ya msusi ambaye hisani yake ilikuwa imeanza kukunja uso. Meza ile haikuwa na nafasi ya miguu ya mtu wa pili.

Jumatano ya wiki ya mwisho, Mama Wapendwa aligawa karatasi za manila.

"Wapendwa, leo chora nyumba uliyokulia. Usifikiri. Acha moyo uchore."

Mioyo ikachora nusu saa. Karatasi zikabandikwa ukutani, na Mama Wapendwa akapita mbele yake mikono ikiwa nyuma, kama mkuu wa majeshi anayekagua gwaride. Tabasamu lilimpotea kwenye karatasi ya tatu. Kufika ya tisa alikuwa amenuna kabisa. Ukutani palikuwa na nyumba tisa ndefu, zote za bati jekundu, zote zenye madirisha manane na geti jeusi, na upande wa kulia wa kila moja tangi la bluu juu ya mnara.

"Nani kaanza?"

"Kaanza nini, Mama?" akauliza Kigoda, kijana mfupi aliyekuwa akijifunza kutengeneza simu.

"Kuigilizia! Nimesema moyo, sikusema jirani."

"Mama, sote tumelelewa humo humo."

"Kila mtoto ana nyumba yake ya ndani, Kigoda."

"Sisi tulikuwa na moja tu, watu sitini. Vyoo viwili."

Mama Wapendwa akafumba macho, akasikiliza, hakusikia. Jina la kituo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili aliyoibana kwapani wiki zote sita.

"Huu ni udanganyifu," akasema. "Siwezi kuandika 'kwa moyo wote' juu ya udanganyifu. Kesho saa sita kila mmoja aniletee nyumba ya kweli. Asiyeleta, hana barua."

Nje, Kigoda alipiga kopo teke.

"Sasa ya kweli tutaitoa wapi?"

"Mchoree ya uongo," akasema Sindano. "Weka maua dirishani. Weka paka."

"Na wewe?"

"Mimi namwekea dawa yake."

Jioni ile, juu ya meza ya saluni, kati ya vitana na nywele za bandia, alichora kibanda kimoja chenye mlango wazi. Mlangoni akasimamisha mwanamke aliyetanua mikono. Shingoni akamvika shanga kubwa kama ndimu, moja moja, bila kuruka hata moja.

Kesho yake Mama Wapendwa aliisogelea karatasi, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Na huyu mlangoni ni nani, mpendwa?"

"Sijui, Mama. Mkono umejichorea wenyewe."

"Ni mimi!"

"He! Kumbe?" akasema Sindano, macho yamemtoka kwa mshangao alioufanyia mazoezi kwenye kioo cha msusi.

Mama Wapendwa alilia kwa kwikwi, shanga zikigongana. Wenye maua na wenye paka walipata barua za mistari mitatu. Ya Sindano ilijaza kurasa mbili.

Jumamosi asubuhi aliipeleka ofisi ya makazi. Mdogo wake alibaki nje kwenye benchi, amekumbatia godoro lililofungwa kamba. Karani, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alisoma polepole, kisha akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Hapa pana neno, binti. 'Amekuwa mwanangu, nami mama yake.' Chumba hiki ni cha wasio na mzazi."

Ujanja wote wa Sindano ulikuwa umemtengenezea mama, na mama huyo amemlia chumba.

"Si mama yangu, mzee. Nilimchora tu."

"Ulimchora?"

"Mlangoni. Nikamvika zile shanga, apate kulainika."

Karani akamtazama juu ya miwani, akavuta mtoto wa meza, akatoa bunda la barua.

"Huyu alimchora jikoni. Huyu alimfinyanga kwa udongo, kabeba mtoto mgongoni. Wewe ni mwanawe wa kumi na nne."

Sindano, aliyedhani dunia nzima haina mjanja mwingine, akalitazama lile bunda.

"Huwa anakuja kuwaona?"

"Hajawahi kuniuliza wanakaa chumba gani. Haya, jina lako halisi nani? Mkufunzi kaandika Sindano."

Akamtajia. Karani akalikata lile, akaandika jina lake juu, akagonga mhuri na kusukuma ufunguo mezani.

Sindano alitoka nje. Kicheko alichokuwa amemwandalia mdogo wake hakikuja.

"Dada, vipi? Wamekataa?"

"Ghorofa ya pili. Shika huku, mimi nishike huku."