Vikohozi vya Obeti

Kila Jumamosi asubuhi, kabla soko la Koboko halijachangamka, Driwaru alisuuza chupa za kahawia kwa maji ya moto na majivu, akazipanga juu ya gunia zikauke, kisha akazijaza mafuta ya taa. Zilikuwa na ujazo mmoja, vifuniko vyake vilikaza vizuri, na wateja walizipenda. Chupa hizo zilitoka chini ya kitanda cha mdogo wake, Obeti, fundi wa baiskeli, na zilikuwa za dawa ya kikohozi. Kwa miaka mitatu Driwaru alimshukuru Mungu kwa chupa zile. Hakujiuliza hata siku moja ni kikohozi gani kinachomaliza chupa tano kwa wiki katika nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa akikohoa.

Maana Obeti hakukohoa kamwe. Jirani yao Madina akikaanga pilipili, ua mzima ulikimbilia barabarani, naye alibaki ameketi palepale, anajikuna pua, macho yamelegea, vitundu vya mboni vimekuwa vidogo kama punje za ulezi. Alisinzia spana ikiwa mkononi. Choo alikwenda mara moja kwa wiki, na kwa vilio. Siku dawa ikikosekana alipiga miayo mpaka taya likalia, akatokwa na machozi na makamasi, akatetemeka juani. Aliuza pampu, akauza spana, akauza baiskeli ya mteja. Mwezi wa pili wa mwaka 1991 aliuza mlango wa nyumba, na Driwaru akalala siku nne nyuma ya mkeka uliotundikwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wapo wanaongoja mlango uondoke ndipo waone.

Madina alimwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, lakini alisema maombi ya Dadamu, karibu na Arua, yalimponya shemeji yake, na mtu anayezama haulizi kamba ni ya dini gani. Kiongozi wa maombi alikuwa katekista Kasimiro.

Driwaru alimfahamu Kasimiro. Watu wote walimfahamu. Siku hizi alikuwa na duka la dawa mjini Arua, na dawa ile ya kikohozi ilitoka kwake hadi kwa wachuuzi wa Koboko. Kwa hiyo siku za kazi aliuza dawa, na siku za maombi aliwaombea walioinywa, na hakuna aliyeona ajabu. Zamani, mwaka 1980, alikuwa mfunga vidonda katika zahanati ndogo ya Koboko. Wiki ile ya Oktoba wanajeshi wa serikali mpya walipokuwa wakija kulipiza kisasi na watu wakikimbilia mpaka wa Kongo, alifungua stoo, akasimama barabarani, akampa kila mama chupa moja. Majani yalikuwa marefu, watu walijificha makundi makundi, na kikohozi kimoja kingeweza kuua watu thelathini. Alitoa bure, kwa huruma. Hilo lazima lisemwe.

Driwaru alipokea chupa yake. Mumewe, Lokule, alikuwa askari wa serikali iliyoangushwa, na alishatoweka. Alikuwa na Obeti, kijana wa miaka kumi na sita mwenye kifua kibovu, na mgongoni alikuwa na Keji, bintiye wa miezi minane, aliyekuwa na mafua. Walilala siku mbili katika majani ya Abuku, kabla ya mpaka. Askari walipita hatua ishirini kutoka walipokuwa, wakizungumza habari za sigara, na hakuna mtu aliyekohoa. Watu wote wa kundi lile walivuka salama. Keji tu hakuvuka. Baridi ya majani, watu walisema, na Driwaru alisema hivyohivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Walikwenda Dadamu kwa lori la tumbaku. Kasimiro aliwapokea vizuri. Alikuwa mzee mnene mwenye sauti laini, na alimwita Driwaru Mama Keji, jina ambalo hakuna mwingine aliyebaki wa kumwita. Alieleza utaratibu: siku tisa za novena, kufunga mpaka saa sita, uji wa mtama, maji ya baraka, na mlango wa nyumba ya maombi kuwa wazi mchana kutwa. Alisema ni pepo, na kwamba pepo huyu ana kiburi lakini hana subira.

Siku ya kwanza na ya pili Obeti alitapika, akaharisha, akapiga mateke kama anayeendesha baiskeli isiyokuwepo. Ngozi yake ilisimama vipele vya kuku aliyenyonyolewa. Aliwatukana watakatifu kwa majina yao. Wanawake waliimba kwa Kilugbara na kwa Kiswahili, Kasimiro aliweka mkono juu ya kichwa chake na kulia machozi ya kweli, lakini aliyefua mashuka alikuwa Angelo, mlevi wa zamani aliyekuja kuombewa mwaka 1988 akasahau kurudi kwao. Angelo alilala sakafuni kando ya mkeka wa Obeti akimshika miguu. Driwaru alimuuliza pepo atatoka lini.

"Hii hapana pepo," Angelo alisema. "Mwili nayo imezoea. Wewe ulilisha mbwa kila siku mulangoni, leo unafunga mulango. Lazima italia. Wewe shika miguu tu."

Driwaru akashika miguu.

Siku ya tatu, baada ya uji, kikohozi cha kwanza kilifika. Kilikuja kwa miguu kutoka Koboko, sauti peke yake bila mtu, kikikohoa kila baada ya hatua chache, na kuku wakakipisha njiani. Kilikuwa na harufu ya solusheni ya kuzibia mipira ya baiskeli. Kilisimama mlangoni, kikakohoa mara mbili kama mgeni anayebisha hodi, kisha kikaingia kifuani mwa Obeti, naye akakohoa kwa mara ya kwanza tangu 1980. Alisema hicho ni cha Jumanne iliyopita, alikinyamazisha akiwa anaziba mpira wa mwalimu mmoja. Kasimiro alisema karibu, akaendelea na Salamu Maria ya saba.

Ikajulikana hivyo kwamba dawa haikuwa imeua kikohozi hata kimoja. Kila kikohozi alichokinyamazisha kilibaki palepale kiliponyamazishwa, kikangoja, na sasa vyote vilikuwa vinarudi kwa mwenyewe. Vilikuja vya karibuni kwanza. Siku ya nne vilipanga foleni hadi barabarani. Wanawake walivitandikia mikeka kivulini na kuviwekea maji. Mzee mmoja wa parokia alilalamika kwamba vinavuruga rozari, na Kasimiro akaomba vikohoe kwa zamu. Vikatii kadiri vilivyoweza. Siku ya tano na ya sita viliingia vya miaka ya ukimbizini, vimechoka, vina vumbi jekundu la Kongo na harufu ya samaki mkavu. Obeti alivijua vyote. Hiki cha siku ya mvua ya mawe. Hiki cha siku ile tulipopata habari kwamba tunaweza kurudi. Kila kimoja kilipoingia alilia kidogo, akapata rangi kidogo, na siku ya saba akaomba chumvi kwenye uji. Watu waliimba kwa furaha.

Driwaru hakuimba. Aliketi karibu na mlango, akiogopa kila kilichoingia. Vikohozi vilikuwa vinarudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, na yeye alijua kuhesabu. Baada ya Kongo kulikuwa na mpaka, na kabla ya mpaka kulikuwa na majani ya Abuku. Obeti asingepona bila kikohozi cha mwisho, na alimtaka Obeti apone kuliko alivyotaka kitu chochote duniani, kwani hakuwa na mtu mwingine. Lakini kikohozi hicho kilinyamazishwa kwa chupa moja na kijiko kimoja, na kijiko hicho hakikumnywesha Obeti peke yake.

Siku ya nane asubuhi alisema anakwenda kununua sabuni. Alitembea hadi Arua, akaingia katika duka la Kasimiro, akauziwa dawa na binti wa zamu, na akarudi na chupa ndani ya kitenge. Kijiko kimoja tu, alijisemea. Kijiko kimoja kitazuia cha mwisho, na Obeti atakuwa amepona nusu, na watu wangapi duniani wamepona zaidi ya nusu?

Mchana, watu walipokuwa kisimani, alipiga magoti kando ya mkeka akafungua chupa. Obeti aliamshwa na harufu. Mwili wake wote uliinuka kuielekea, mate yakamtoka, mkono ukanyooka wenyewe. Kisha akaurudisha mkono, akaukalia.

"Dada," alisema. "Hii hapana dawa yangu. Hii ni dawa yako. Wewe iko naogopa nini?"

Driwaru akajaza kijiko.

"Mimi najua," Obeti alisema. "Siku ile mimi iko macho. Wewe ulilala, sababu ya kuchoka. Mimi naangalia Keji. Naona pumzi inakwenda polepole, polepole, halafu inasimama. Nilitaka kukuamusha, dada. Lakini askari iko pale. Kama nafungua mudomo, kikohozi itatoka."

Alisema tangu siku hiyo kila alipotaka kumwambia, kikohozi kilitangulia mdomoni, na dawa ilizuia vyote viwili. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza baiskeli imeharibikia wapi. Driwaru aliweka kijiko chini, akalala kifudifudi juu ya sakafu ya nyumba ya maombi, akalia bila sauti, kama alivyojifunza katika majani. Angelo aliporudi na maji aliona chupa, akaitoa nje akaimwaga, kisha akamshika Driwaru miguu.

Siku ya tisa saa tisa alasiri kikohozi cha Abuku kilifika. Kilikuwa cha kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika, na mbegu za majani zilikuwa zimekishika. Kiliingia kifuani mwa Obeti, na Obeti akakohoa, akakohoa tena, na kifua chake kikakamilika. Nyuma yake kilikuja kingine, kidogo, chepesi, cha kifua kisichofika ukubwa wa ngumi.

Hicho hakikuwa na pa kuingia. Kilizunguka nyumba ya maombi kwa chini, kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Wanawake wengi wa rika la Driwaru waliinamisha vichwa. Wote walipita mbele ya zahanati ya Koboko wiki ile, na kila mmoja alikuwa na baridi yake ya majani. Wimbo ulikatika.

"Mama Keji," Kasimiro aliuliza taratibu, "wewe ulipatia yeye ngapi?"

"Kijiko moja. Kama wewe ulisema."

"Ile kipimo ya mutu mukubwa," Kasimiro alisema.

"Siku ile wewe hapana sema ya mutu mukubwa. Ulisema kijiko moja. Uliona mutoto mugongoni, ulishika yeye mashavu."

Kasimiro alisali Baba Yetu moja. Alisema Mungu anajua. Alisema palikuwa na watu wengi barabarani siku ile, na vumbi. Machozi yalimtoka tena, na yalikuwa ya kweli kama yale ya kwanza. Kisha akataja namba ya wimbo wa kumaliza novena, watu wakasimama, wakaimba beti zote nne. Katika ubeti wa tatu kikohozi kidogo kilipanda mgongoni kwa Driwaru. Alikifunga kwa kitenge, akajifunza upya kusimama wima na uzito ule, ambao haukuwa mkubwa.

Jumatatu asubuhi yeye na Obeti walingojea lori la Koboko mjini Arua, karibu na duka la Kasimiro, kwa sababu ndipo malori yanaposimama. Obeti alikula mhogo akakohoa, na wapita njia wakampa pole kama wanavyompa mtu yeyote. Kasimiro alikuwa nyuma ya meza ya duka, amevaa miwani. Mbele yake alisimama mama kijana kutoka Ombaci, mtoto mgongoni, mtoto ana mafua. Alisema mtoto hajalala siku tatu, na yeye mwenyewe hajalala. Kasimiro akaweka chupa mezani.

"Kijiko moja," alisema kwa sauti yake laini. "Asubuhi na jioni."

Driwaru alisikia miguu ikimpeleka mle ndani. Alimshika yule mama mkono. Hakuwa amepanga maneno.

"Mutoto hapana," alisema. "Tafazali. Hii dawa inaua mutoto. Mimi nilipatia yangu, ikamuua."

Yule mama alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mkubwa wake. Mgongoni kwa Driwaru, ndani ya kitenge kilichofungwa vizuri, kikohozi kidogo kikakohoa mara tatu. Yule mama akasikiliza, na uso wake ukatulia.

"Mama, yako hapana kufa," alisema. "Si huyu nasikia anakohoa?"

Kasimiro aliifunga chupa kwa kipande cha gazeti, akamkabidhi, akaita mteja anayefuata.