Dole Gumba la Mleta Taarifa

...labda ni miwani, asome tena, na huyu karani wa masjala naye, "usiguse maandishi, mama, tumia rula," basi anasogeza rula chini ya mstari wa daftari la vifo, lakini wino ni uleule, jina la bibi yake mzaa mama, jina ambalo yeye mwenyewe alirithishwa na ameliitikia miaka arobaini na sita, baba yuleyule, mtaa uleule, na mbele yake, amefariki, homa, umri miaka sita... sita, jamani, na bibi walimzika na mvi zake, bibi aliyemsuka nywele, sasa wamemzika nani, na mama yuko hoi kitandani, neno lake ni moja tu, nitafutie mama yangu alikuwa nani kabla sijaondoka, maana bibi ukimuuliza habari za kwao alikuwa anainuka anakwenda kufagia ua uliokwisha kufagiliwa, na hapa safu ya mwisho, mleta taarifa, dada wa marehemu, miaka tisa, wazazi wagonjwa, hajui kuandika, na chini yake dole gumba, doa jeusi lililokatwa mshazari na mstari mweupe, kovu, kovu la kisu, analijua, dole hilo limemfunga vifungo vya sare kila asubuhi, bibi ndiye aliyekuja kuandikisha kifo cha bibi, "yapo mengi haya," karani anasema, anagonga mhuri karatasi ya mtu mwingine, "aliyezaliwa hospitali ana cheti, wa nyumbani hana, mwenye cheti akifa, cheti chake anapewa asiye nacho, shule zilikuwa hazitaki maneno, zilitaka cheti," anasema kama anayezungumzia viatu, mdogo kafa, vaa wewe, na jina lake yeye, la huyo wa miaka tisa, amelitafuta kitabu kizima, halimo, halikuandikwa popote, atamwambia nini mama, mama yako hayumo, aliyemo ni mtoto aliyekufa, na yule mtoto je, kila jina lake lilipoitwa, jikoni, msikitini, hospitali, miaka yote hiyo, alikuwa anasikia... na sasa ndiyo anakumbuka, bibi alikuwa haitiki mwito wa kwanza, wala wa pili, nyumba nzima wakacheka, bibi masikio yamekwisha, kumbe wapi, sindano ikianguka alikuwa anauliza nani kaangusha, alikuwa anasikia vizuri tu, anakaa kimya, anampisha mwenye jina aitike kwanza, "haya, mama, nafunga dirisha," karani anasema, anavuta fomu, anamwita kwa jina lake, lilelile, rula bado iko chini ya mstari, na yeye, ambaye maisha yake yote amekuwa mwepesi wa kuitika, hafungui mdomo, anasikiliza nyuma yake, karani anaita tena.